Nguo za Mtu Aliye Hai

Ukikaa mtaani kwetu Nyamisangura siku mbili tu, utaambiwa kuna mwanamke alikata nguo za mumewe huku mume bado anapumua. Ni kweli, alikata. Anaitwa Waisiko, mama Happy, ni jirani yangu, na mkasi aliokatia ni wangu, kwa hiyo kama kuna dhambi hapo basi tugawane. Mimi ni Rukaya, mama Imrani, fundi cherehani, kibaraza changu kinatazamana na mlango wake. Nimechoka kusikia habari hii ikisimuliwa na watu ambao hawakuwepo. Wengine wanatia chumvi, eti alikuwa anacheka huku anakata. Hakucheka. Alikuwa amenuna kama kawaida yake.

Waisiko si mpole, nisikudanganye. Anauza dagaa sokoni, na ukilishikashika fungu lake bila kununua atakuuliza kama umekuja kununua au umekuja kuposa. Mumewe, Ryoba, alikuwa dalali wa ng'ombe mnadani. Mwanaume wa miaka hamsini na mbili, mrefu, na mdomo wake ndio ulikuwa jembe lake. Akitaja bei upande huu wa mnada, wa upande ule wanasikia bila kuuliza. Nyumbani nako walikuwa wanagombana kwa sauti mpaka mteja wangu mmoja akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, hao wanakunywa chai.

Mwaka jana, mwezi wa pili, Ryoba aliinama kufunga kamba za viatu asubuhi na hakuinuka. Kiharusi. Upande wote wa kulia ukalala, mdomo ukaenda kando. Wakakaa hospitali wiki tatu, wakarudi naye akiwa amebebwa. Katika maneno yote ya yule mwanaume lilikuwa limebaki moja tu: "Ndiyo." Umekula? Ndiyo. Unaumwa? Ndiyo. Mvua inanyesha? Ndiyo, na jua limewaka pale nje linakutoa jasho. Dada wa mazoezi kule hospitali alimweleza Waisiko kwamba akili ya mumewe ni nzima, anaelewa kila kitu, ila maneno hayapati njia ya kutoka. Akamwambia wawe na subira, wampe mkono wake kazi.

Subira! Kumwambia Waisiko subira. Siku ya nne akaja kibarazani kwangu, macho mekundu.

"Mama Imrani, nipe kazi ya mikono, la sivyo nitampiga mtu."

Nikampa gunia la mabaki ya vitambaa na sindano. Marehemu mama yangu alikuwa akitushonea mablanketi ya vipande tulipokuwa wadogo: juu unaunganisha vipande, katikati unatia blanketi kuukuu, chini unaweka bitana, kisha unashona kwa mkono tabaka zote tatu zishikane. Nikamfundisha. Akahamisha mkeka, akamweka Ryoba ameegemea mito, na yeye akakaa kando yake mlangoni, anashona. Kushona kwenyewe, yarabi.

"Mishono gani hii, mama Happy? Mtu anapitisha kidole!"

"Pitisha basi, nikishonee humo humo."

Lakini niliona mabega yake yanashuka. Alikuwa halali, hali, na sasa walau kwa saa mbili tatu kwa siku alikuwa anapumua kama mtu.

Akawa anamwekea Ryoba vipande mapajani ili mkono wake wa kushoto upate cha kushika, kama walivyoagizwa. Ryoba akawa anavitupa. Kitenge chekundu, katupa. Satini ya gauni la harusi ya watu, katupa mbali zaidi. Siku tatu nzima Waisiko anaokota, mwenzake anatupa. Siku ya nne akashikwa na hasira, akaingia ndani, akatoka na shati kuukuu la Ryoba la mirabamiraba alilokuwa amelifanya tambara, akalitupia mapajani pake. "Haya, tupa na hili lako!"

Ryoba hakulitupa. Alilishika, akalinusa. Kisha kwa ule mkono wake mmoja akalivuta polepole mpaka kwenye blanketi, akaliweka pale pale palipokuwa na pengo la kipande kinachofuata.

Waisiko akanitazama. "Umeona?"

"Nimeona."

"Lete mkasi."

Nilisita, sioni haya kusema. Kwao Ryoba, nguo za mtu haziguswi mpaka matanga yaishe. Hapo ndipo ukoo unakaa, nguo zinatandikwa, huyu anapewa koti, yule anapewa viatu. Kumkatia mtu nguo akiwa hai ni kumwonyesha mlango. Nikamwambia, "Mama Happy, shemeji zako wakisikia?"

"Ana mkono mmoja," akasema, "na ameutumia kuniambia anachotaka. Lete mkasi."

Basi ikawa hivyo. Sanduku la nguo likafunguliwa lote. Waisiko alikuwa akiinua vipande viwili mbele yake. Anachokitaka Ryoba anakivuta, asichokitaka anakitupa. Hakukosea hata siku moja. Mdomo ulikuwa unasema ndiyo kwa kila kitu, ila ule mkono ulikuwa na msimamo. Siku aliyovuta koti lake la mnadani, Waisiko akaanza, "Si ndilo ulilovaa siku ile fahali alipokukimbiza kule Mugumu mpaka ukapanda juu ya lori?"

"Ndiyo," akasema Ryoba, na akacheka. Akacheka kwa nusu ya mdomo, mate yanamtoka, anatikisika mabega. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aanguke. Mimi nililia waziwazi, na mteja aliyekuja kuchukua sketi yake akanisubiri mpaka nikamaliza.

Kabla mwezi wa nne haujaisha akawa anambania Waisiko kitambaa kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, ule uliokufa. Vinatetemeka, ila vinabana.

Habari za nguo kukatwa hazikulala njiani. Zilifika Kenyamonta, kwao Ryoba, na kaka yake mkubwa Nyangwine akaja na Probox ya kukodi, pamoja na wazee wawili wa ukoo na blanketi jipya la kumfunikia mgonjwa safarini. Tukasalimiana, shikamoo, marahaba. Halafu Nyangwine akaona kilichokuwa mapajani kwa mdogo wake. Akainama, akakishika.

"Hili si koti la Ryoba?"

"Ndilo," akasema Waisiko.

"Na hii si suruali yake ya kanisani?"

"Ndiyo yenyewe. Alichagua tuanze kuukata mguu wa kulia, maana ndio uliomwangusha."

Nyangwine hakuona cha kucheka. "Shemeji, kumbe umeshamzika, sisi tu ndio hatujaambiwa. Tunampeleka nyumbani. Mtu wa hali hii anakaa kwao. Kule kila kitu kiko tayari."

"Anakwenda kukaa, au anakwenda kufa?"

Mzee mmoja akasema kwa upole tu, "Mama, wewe umechoka. Hakuna anayekulaumu. Tuachie sisi." Na upole ule, wallahi, ndio ulionitia hofu, kwa sababu Waisiko alikuwa amechoka kweli, na kule Kenyamonta hakuna dada wa mazoezi, hakuna mkeka wa mlangoni, kuna kitanda tu na watu wa kumtazama. Wangemlaza wamsubiri. Na mtu akilazwa asubiriwe, anakwenda kweli.

"Tumuulize mwenyewe," akasema Nyangwine. Akachuchumaa. "Mura, mdogo wangu, twende nyumbani?"

"Ndiyo," akasema Ryoba.

Wazee wakasimama. Mmoja akamshika kwapa. Waisiko akaruka akasimama katikati ya mlango, mwanamke mzima, mikono kiunoni.

"Ryoba! Wewe ni mwanamke?"

"Ndiyo."

"Mimi ndiye niliyekuzaa?"

"Ndiyo."

"Nyangwine ni mbuzi wako?"

"Ndiyo."

Nilijiuma mdomo, haikusaidia, kicheko kikanitoka. Mzee mmoja akakohoa kwenye ngumi yake kwa muda mrefu. Nyangwine akawa mweusi kwa hasira.

"Unatudhihaki mbele ya wazee!"

"Siwadhihaki. Nawaonyesha kwamba mdomo wake unasema unavyotaka wenyewe. Mkitaka kumuuliza, muulizeni kwa njia anayojibu."

Akalichukua lile blanketi jipya mkono mmoja, akachukua na lile la vipande, halijaisha bado, sindano inaning'inia. Akayainua yote mbele ya Ryoba. "Sikiliza. Hili jipya linakwenda Kenyamonta leo. Hili letu linabaki hapa na mimi, na mazoezi, na kelele zangu. Chagua."

Waisiko hakuwa na uhakika, masikini. Mtu akiugua anatamani kwao, nani asiyejua? Na mwanamke aliyemgombeza miaka ishirini na tano anajuaje atachaguliwa?

Ryoba alitazama hili, akatazama lile. Kisha mkono wake wa kushoto ukanyooka, ukashika blanketi jipya, ukalivuta mapajani.

"Ameamua," akasema Nyangwine.

Waisiko alikuwa ameshaanza kuukunja uso kama mtoto.

Ryoba akalikusanya lile blanketi, likakusanyika vibaya kwa mkono mmoja, akavuta pumzi, akalirusha. Lilipita karibu na goti la Waisiko, likatoka mlangoni, likaangukia vumbini kando ya tairi la Probox. Halafu akatoa mkono kudai lile la vipande, na Waisiko alipochelewa kumpa, akaunguruma.

Nyangwine alitoka, akaliokota, akalikung'uta. "Akifa hapa, utamleta mwenyewe."

"Nitamleta mwenyewe," akasema Waisiko. "Ila leo hafi, kwa hiyo nendeni salama."

Siwezi kukwambia ilikuwa rahisi baada ya hapo. Kuna siku Ryoba alikataa mazoezi, kuna siku Waisiko alilia kwenye kibaraza changu mpaka nikaogopa. Mwezi wa sita akasimama na fimbo. Mwezi wa nane akavuka mwenyewe mpaka kwangu, hatua kumi na tisa, Waisiko nyuma yake anamtukana ili asianguke. Maneno yakaanza kurudi moja moja, na ya kwanza kurudi yalikuwa ya mnadani, hayaandikiki. Mpaka leo ukimuuliza jambo kwa haraka anaweza kukupa ndiyo isiyo yake, kwa hiyo usiwe na haraka naye. Blanketi likaisha mwezi wa kumi na moja. Ryoba hakuwa na nguo hata moja iliyobaki. Nikamshonea mashati mawili, na suruali yenye lastiki kiunoni, anavaa mwenyewe.

Desemba akasema, "Mama." Alimaanisha mama yake. Wakafunga safari ya Kenyamonta, na mimi nikafuata, nisikose. Gari likaishia njia panda. Kutoka pale hadi kwao mtu mzima anatembea dakika tano; Ryoba alitumia nusu saa, na alikataa kushikwa. Waisiko alikuwa amejitwika lile blanketi kichwani na hakumsaidia hata kidogo, anatembea mbele anapiga gumzo na mimi, ila alikuwa anageuka kila baada ya hatua tatu.

Walipotuona walisimama wote. Mama mkwe, bibi wa miaka themanini na kitu, alimshika mwanawe uso kwa mikono miwili, akamgeuzageuza kama anakagua, akalia, akamshika tena. Watoto wakaletwa kusalimia. Ndipo nikaona, kando ya kaburi la baba yao, migomba miwili imekatwa, ardhi imesawazishwa vizuri, mraba mzuri, na rundo la mawe ya kujengea limepangwa pembeni. Majani yalikuwa yameanza kuota juu yake. Nikaelewa Nyangwine aliposema kule kila kitu kiko tayari alimaanisha nini. Nikamtazama Nyangwine, akatazama mahali pengine.

Ryoba naye aliona. Akaenda pale na fimbo yake, taratibu, akasimama katikati ya ule mraba.

"Kiti," akasema.

Hakuna aliyesogea. Waisiko akashusha blanketi kichwani, akalikung'uta mara moja, akalitandaza pale pale chini, makoti na mashati yote ya Ryoba yametazama juu. "Kaa," akamwambia. Kushuka kulimpa taabu, goti lilikataa, na aliyekimbia kumshika alikuwa Nyangwine. Akamshusha kama anashusha mayai.

"Ugali," akasema Ryoba.

Ukaletwa, ugali wa udaga, ule wa mihogo iliyovundikwa, na maziwa ya mgando. Akala kwa mkono wa kushoto, bila haraka, tonge baada ya tonge, na watu wamesimama pembeni hawajui kama ni halali kula mahali pale. Mama yake ndiye aliyekata shauri. Akaja, akaketi kando yake kwenye blanketi, akamega tonge, akatafuna, akameza.

"Nyangwine."

"Naam, mama."

"Hapa kesho nataka mihogo."

"Sawa, mama," akasema Nyangwine, na akaenda kuanza kuyaondoa yale mawe.