Nakala Safi za Josepha

Kwa miaka ishirini na miwili, mtu wa Mwanza aliyetaka kujua sheria inasemaje, na hakuwa na wakili, alipanda ngazi mpaka ghorofa ya pili, juu ya duka la nyavu, akamkuta Josepha Rwekaza. Josepha alikuwa mtunza maktaba wa shirika dogo la msaada wa sheria. Chumba chake kilikuwa na sheria za Bunge, taarifa za mijadala ya wabunge, Gazeti la Serikali, na rafu nzima ya sheria ndogo za halmashauri za kanda ya ziwa.

Kazi yake kubwa watu hawakuiona. Sheria hubadilishwa. Kila tangazo la marekebisho lilipofika, Josepha aliketi na mkasi na gundi, akakata maneno mapya, akayabandika juu ya kifungu cha zamani, kisha akaandika tarehe pembeni kwa wino mwekundu. Vitabu vilinenepa hadi majalada yakagoma kufunga. Yeye peke yake ndiye aliyejua kipi kimebadilika na lini.

"Muulize Mama Josepha," mawakili vijana walikuwa wakiambiana. Alijifanya hasikii, lakini siku aliyoisikia kauli hiyo mara mbili alirudi kwake Kiseke akiwa mwepesi.

Halafu akaja Hellen Machibya, binti wa Magu, umri miaka ishirini na saba, begi la kompyuta mgongoni. Mkurugenzi wa shirika, mzee Rwegasira, alimpokea kama mtu anayepokea bibi harusi. Hellen angeingiza vitabu vyote kwenye kompyuta, ili mtu aliye shambani atume ujumbe, hata kwa simu ya kitochi, ajibiwe kwa kifungu kamili. Miswada inayopelekwa bungeni nayo ingeelezwa kwa sauti, kwa Kiswahili na Kisukuma, mtu apige namba asikilize.

"Shikamoo mama," Hellen alimwamkia siku ya kwanza. "Nimeambiwa bila wewe sitaweza kitu."

"Marahaba. Ni kweli hutaweza," alijibu Josepha, na siku hiyo alimpenda.

Mapenzi hayo hayakumaliza mwezi. Kwenye kikao cha wafanyakazi Rwegasira alisema, "Sasa hatutategemea tena kumbukumbu ya mtu mmoja." Wote walipiga makofi. Josepha naye alipiga, huku roho ikimuuma. Huyu Rwegasira alikuwa Mhaya mwenzake, walisali kanisa moja, na hakumtazama hata kidogo alipokuwa akisema.

Wiki ileile alifika mzee Luhende, mfugaji wa Magu ambaye kwa miaka mingi alikuwa akikaa mezani kwa Josepha kuuliza habari za malisho. Safari hii alisimama mlangoni akauliza, "Yule binti anayeongea Kisukuma yuko?" Akampita. Baada ya dakika chache yeye na Hellen walicheka kwa sauti. Josepha, Mwanza miaka yote hiyo, Kisukuma chake kiliishia kwenye salamu. Hakujua wanacheka nini. Akaamua wanamcheka yeye.

Siku iliyofuata Hellen alikuja. "Mama, naomba vitabu vya sheria ndogo. Sheria za Bunge nimezipata mtandaoni, lakini hizi hazipo huko."

Stoo kulikuwa na nakala za pili za vitabu vile, zilizonunuliwa zamani kwa akiba na ambazo hazikuwahi kubandikwa kitu. Josepha alikuwa amesahau kama zipo. Siku hiyo alizikumbuka. Alizifuta vumbi, akazibeba mwenyewe mpaka mezani kwa Hellen.

"Jamani, visafi hivi! Mashine itavisoma vizuri."

"Visafi kabisa," alisema Josepha.

Alijiambia hajasema uongo. Alijiambia pia kwamba kama binti ni mjuzi kama wanavyomsifu, atauliza. Hellen hakuuliza, kwa sababu hakuna aliyemwambia kuna la kuuliza.

Huduma ilizinduliwa mwezi wa sita. Rwegasira alimsifu Hellen, akawashukuru wafadhili, madereva na akina mama waliopika. Jina la Josepha halikutajwa. Alikaa mstari wa tatu na soda yake, akaihesabu kila shukrani.

Jumamosi moja, Kiseke, aliisikia sauti ya Hellen uani. Jirani yake, Mama Yeremia, alikuwa akifua, simu ameiweka juu ya ndoo, inaeleza kwa Kisukuma mswada mpya uliopelekwa bungeni.

"Msikilize huyu binti anavyoijua sheria!" alisema Mama Yeremia. "Mnafanya naye kazi, eti? Wewe kule unafanyaga nini?"

Walikuwa majirani miaka kumi na mmoja. Mama huyo hakuwahi kumuuliza hata swali moja la sheria. Josepha aliingia ndani, akakaa kitandani na mkoba bado begani, akatoa simu. Akatuma swali kuhusu sheria ndogo ambayo alijua imebadilishwa. Jibu lilikuja upesi, limepangwa vizuri, na lilikuwa la zamani. Moyo wake ukatulia kama mtu aliyekuwa na kiu akapewa maji. Tangu hapo ikawa tabia yake: akiumwa na wivu, anatuma swali, anapata jibu bovu, anapoa. Hakufikiria kwamba wengine nao walikuwa wakiuliza.

Mwezi wa tisa alikuja Dorcas Masalu. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wanaokausha dagaa kwenye mwalo mmoja wa ziwa, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga. Halmashauri yao ilikuwa imetangaza kuviondoa vichanja vyao vya kuanikia ufukweni, na sheria ndogo iliwapa wananchi muda wa kupinga kwa maandishi. Walituma ujumbe kuuliza muda gani. Walijibiwa siku thelathini. Waliandika barua yao bila haraka, wakakusanya saini, wakaipeleka siku ya ishirini na sita. Karani akawaambia muda ulikuwa siku ishirini na moja.

"Ujumbe wenu huu hapa," alisema Dorcas, akaweka simu juu ya meza. Rwegasira aliusoma, akamgeukia Hellen.

"Uliandika nini?"

"Nilichokikuta kitabuni, mzee."

"Kitabu kiletwe."

Josepha ndiye aliyekwenda kwenye rafu. Angeweza kuleta kile kisafi. Alisimama kati ya rafu na mlango wa stoo, na ukweli ni kwamba alifikiria. Kisha akaleta kile kinene. Kwenye kifungu kile palikuwa na kipande cha karatasi kimebandikwa, *siku ishirini na moja*, na pembeni tarehe ya miaka minne nyuma, kwa wino mwekundu.

Hellen alikitazama kama mtu aliyeonyeshwa chumba kipya ndani ya nyumba anayoishi. "Mama, hiki sijawahi kukiona."

"Hujawahi. Nilikupa nakala zisizo na marekebisho."

"Ulisahau," alisema Rwegasira upesi, kama anayemsaidia.

"Sikusahau. Nilimwonea wivu."

Dorcas ndiye aliyejibu. "Dada, mimi sikuuliza habari za wivu. Niliuliza siku ngapi."

Josepha alipewa barua ya onyo, na Hellen akawa mkuu wa maktaba. Kwa hiari yake Josepha alisafiri hadi halmashauri na barua ya kukiri kosa. Karani aliipokea kwa adabu, na kamati ikakubali kuisoma barua ya wanawake japo imechelewa. Nusu ya vichanja ilibaki. Nusu ilihamishiwa nyuma ya mawe, ambako jua ni zuri lakini dagaa wabichi wanabebwa kichwani mwendo mrefu. Dorcas hakurudi tena kwenye maktaba ile, wala hakutuma swali.

Huduma ilizimwa wiki sita. Kila asubuhi wawili hao waliketi pamoja, Josepha akisoma vipande vyake kimoja kimoja, Hellen akiandika na kuongeza tarehe ya marekebisho mwisho wa kila jibu. Hellen hakumwita tena mama. Alisema, "Soma, Bi Josepha," na neno hilo lilimuuma kuliko barua ya onyo.

Wivu haukumtoka. Hellen alipoalikwa Dodoma kueleza huduma ile mbele ya watu wanaotunza kumbukumbu za sheria, ulimshika tena Josepha. Siku ya tatu akamwendea.

"Nifundishe kuingiza marekebisho mwenyewe."

"Na nani atahakiki?"

"Wewe."

"Njoo kesho saa mbili. Usichelewe."

Wiki ya safari ya Dodoma, Josepha alibaki na simu ya huduma, ile ya wanaotaka kuongea na mtu. Mama mmoja wa Kigongo alipiga kuuliza mswada fulani umefikia wapi bungeni. Josepha alitafuta, akampa jibu, akamtajia na tarehe.

"Ahsante," alisema yule mama. "Lakini yule binti mwenyewe yuko wapi? Nimezoea sauti yake."

"Amesafiri. Anarudi Ijumaa."

"Basi msalimie sana. Mwambie anatusaidia."

Josepha alikata simu. Ijumaa Hellen aliporudi, alimfikishia salamu zile zote, bila kupunguza neno.