Shujaa Asiyetuma Wazee

Wiki jana nilikuwa kituo cha kununua majani chai karibu na Roret, tukingoja lori ambalo, kama kawaida, lilikuwa njiani. Kwenye benchi, mama mmoja alikuwa akimsifia jirani yake katuni ya Kijapani ya Jumamosi jioni.

"Wewe angalia tu," alisema, akitoa majani magumu kwa kikapu asije karani wa kituo akayakataa. "Kijana anapigana na majitu ya chuma juu ya msichana mmoja. Utalia."

"Niliangalia na sikulia," jirani akajibu bila kuinua macho. "Alianza kupigana tukipanda mahindi, sasa tunavuna. Mbona hajatuma wazee kwa kina msichana wakamposee?"

"Lakini anaokoa dunia."

"Dunia haina binti. Mwenye binti ni baba yake."

Mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa ameegemea nguzo ya mizani, akakohoa. Alisema ni aibu watu wazima kubishana juu ya katuni za watoto. Kisha akakuna kidevu.

"Na hata akituma wazee, yule baba hatakubali. Si huyo kijana ndiye aliyevunja daraja lao?"

Wale mama walisogea tu, wakampa nafasi kwenye benchi.

Jumamosi nami nikaiangalia. Majitu yalianguka, mji ukawaka moto. Mimi nilikuwa nimekazia macho mlango wa babake msichana, nione kama kuna mtu anabisha hodi.