Diski Iliyokataa Kushuka

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hoteli moja ya Shella, Malindi, Mhasibu Mkuu alinionyesha vitambaa kabla ya kompyuta. Ilikuwa miaka ya themanini ikielekea ukingoni, na kila skrini ilifunikwa kitambaa cha kufuma ili chumvi ya bahari isiile. Alikuwa Mswahili wa mji, mpole, asiyependa kurudia neno.

Kompyuta yenyewe ilikuwa moja tu, kubwa kama friji, ofisini kwake. Skrini za mapokezi, jikoni na stoo ziliungwa nayo kwa nyaya. Nyinyi mnaozima simu kwa kidole mtanicheka, lakini kuizima ile ilikuwa shughuli. Kwanza watumiaji wote watoke. Kisha unashusha diski, yaani unauamuru mfumo uandike yote uliyoyashika kichwani, halafu uiachilie diski. Ndipo unakata umeme. Ukiruka hatua, mafaili ya wageni yanaharibika.

Yaliwahi kuharibika kabla sijaajiriwa. Meneja akaapa kwamba yakipotea tena, kompyuta itaondoka pamoja na opereta wake. Opereta ndiye mimi, bado niko kwenye majaribio, na nyumbani Gede mke wangu ana mimba ya kwanza.

Adhuhuri moja tukaambiwa umeme utakatwa wakati wowote, na jenereta ilikuwa mbovu. Nikaamuru diski ishuke. Ikajibu kwamba inatumika. Nikarudia, jibu lile lile. Nikazunguka ofisi zote: skrini zimefunikwa, viti vitupu. Nikarudi kwenye mashine, mkono ukaenda kwenye swichi.

"Usiilazimishe," alisema Mhasibu Mkuu. "Kuna mtu angali ndani."

"Mzee, wote wamefunika."

"Hebu iulize ni nani aliyemo."

Kwa woga nilikuwa nimeamini vitambaa. Nikaiuliza mashine, ikanijibu: stoo. Nikakimbia, nikafunua. Skrini ilikuwa inawaka. Mtunza stoo alikuwa amekwenda kuswali, akafunika vizuri kuliko sisi sote, ila hakutoka kwenye mfumo. Nikamtoa, nikarudi mbio. Safari hii diski ikashuka. Nikazima. Punde feni ya dari ikasimama.

Sasa sote wawili tumestaafu. Juzi nilikwenda kumwamkia, nikamuuliza kwa nini siku ile hakunisogeza kando afanye mwenyewe, naye aliijua mashine ile kunishinda.

"Ningeiokoa kompyuta, mwanangu," alisema, "nawe usingeigusa tena bila kutetemeka."

Nikainama nikambusu mkono, kama wanawe wafanyavyo.