Krismasi ya Maharage Pale Bisibo

Sisi tuliokulia Bisibo tukienda shule pekupeku, fagio mkono mmoja na daftari mkono mwingine, tulikuwa na midomo. Asikudanganye mtu kwamba zamani watu walikuwa wapole. Msukuma alimwambia Msubi usoni kwamba hajui kufuga, Msubi akamjibu kwamba yeye hulala na ng'ombe, kisha wote wawili wakanawa na kumega ugali wa muhogo kwenye sahani moja. Jioni wasichana tulicheza rede mpaka vumbi likaingia menoni, na matusi madogo madogo yalirushwa pamoja na mpira. Mama akiita, yaliishia palepale.

Kwetu tulikuwa Wakristo. Jirani yetu Mzee Hamisi, baba yake rafiki yangu Zaituni, alikuwa Mwislamu, na yeye ndiye aliyetuchinjia mbuzi wa Krismasi kila mwaka. Akichinja yeye, familia yake inakula nasi. Akichinja baba yangu, wao wanabaki kwao na harufu tu. Hakuna aliyeona jambo la ajabu hapo. Asubuhi ya sikukuu alifika na kisu kimefungwa kwenye kitambaa, tukamwamkia, naye akaitikia marahaba mpaka kwa mtoto wa mwisho.

Mwaka huo nilikuwa darasa la nne. Wiki moja kabla ya sikukuu alikuja mhubiri mgeni, akasimama karibu na soko, na spika zake zikasikika mpaka mashambani. Alisema nyama iliyochinjwa na Waislamu ni sadaka ya mungu mwingine. Nami, niliyeshika kila kitu kichwani isipokuwa hesabu, niliyatamka yote pale uani asubuhi ya Krismasi, Mzee Hamisi akiwa ameshamlaza mbuzi. Alimwachia mbuzi, akakifunga kisu kwenye kitambaa chake, akaenda zake. Zaituni akamfuata bila kuniangalia.

Nikasubiri fimbo. Baba hakunigusa.

"Sikukatazi kusema," aliniambia. "Ila neno linalomhusu mtu linapelekwa kwa mwenyewe. Nenda kwake, ukae chini, umwambie."

Mbuzi akarudishwa kambani, mama akabandika maharage. Yalikuwa na karanga, yalinukia vizuri, nami nikayaacha sahanini. Niliogopa kwamba nimempoteza Zaituni.

Nilimkuta Mzee Hamisi akinoa jembe mlangoni kwake. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikarudia neno kwa neno huku nalia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nikichinja namtaja Mungu aliyemuumba mbuzi," alisema. "Mbuzi wa kwenu kaumbwa na nani?"

Akarudi kunoa jembe lake. "Kamwambie baba yako nakuja kesho. Na miguu utashika wewe."

Kesho yake niliishika miguu ya mbuzi, na mchana huo nikala na Zaituni sinia moja.

Vijana wetu wa leo wanapigana vita vya dini wakiwa wamelala kitandani. Kinachotoka jasho ni kidole gumba. Mwezi uliopita, kwenye kundi letu la wasapu la watu wa Bisibo, kijana mmoja alituma video ya kukejeli namna Waislamu wanavyosali, akaandika chini yake kwamba hayo ni maoni yake tu. Wengine wakaweka vikatuni vya kucheka, wengi tukapita kama hatujaona. Kesho yake Zaituni akajitoa kwenye kundi.

Siku hizi anauza vitenge Ngara mjini. Nilimpigia simu, nikaanza kumsema yule kijana: hana adabu, hakulelewa, angekuwa wa enzi zetu angejua.

"Mwache, ni mtoto, kasema lake," alinikatiza. "Huyo ningemjibu, tukamalizana. Niliowakimbia ni nyie wakubwa. Mliona wote, mwenzangu, mkanyamaza."

Nilikuwa na la kujitetea: kwamba siku hizi kila mtu ana uhuru wa kusema, nami sikutaka kumziba mtu mdomo. Likanishinda kulitoa. Uhuru huo hata mimi ninao, na kidole changu kilipita juu ya ile video kikaenda kusoma bei ya mahindi. Nina aibu. Nilipokuwa mtoto nilisema upuuzi, kisha nikatembea mpaka mlangoni kwa mwenye kuumia. Leo nimekuwa mtu mzima, nilikuwa na neno la maana la kusema, na sikuliandika.