Kwenye Mchicha Wangu Sitoki

Mfuko mtupu wa mbolea ya dukani ndio ulioniponza. Niliusahau juu ya uzio wa bustani, kule Kibuta, na baba mkwe akauona. Alikuwa ameniachia kipande kile cha ardhi mume wangu alipofariki, kwa sharti moja: samadi tu. Mbolea ya chumvichumvi, alisema, inaua udongo. Na siku udongo ukifa, kipande kinarudi kwa shemeji yangu, ambaye tayari alikuwa na mnunuzi. Bwana huyo alishakuja kukipima kwa hatua, mimi nikiwa nimeinama napalilia!

Jamani, samadi tu nilishaijaribu. Msimu wa kwanza nilibeba mbolea ya kuku kutoka Mkuza, kwa dada yangu anayefuga kuku wa nyama. Nikaimwaga mbichi vilevile, nikapanda mchicha. Hazikupita wiki mbili, miche yote ikaungua. Nilikaa kwenye tuta nikalia, maana nina watoto wawili na mboga ile ndiyo chakula chao na ada yao. Hakuna aliyesema samadi imeua kitu. Walisema nina mkono mbaya.

Mkono mbaya, mimi! Msimu uliofuata niliilundika mbolea ile ya kuku kivulini, nikaifunika majani ya mgomba, nikawa naigeuza kila wiki mpaka ikapoa na harufu ikaisha. Nikaichanganya na udongo wa matuta. Mchicha ulipochangamka, nikachimba vifereji vyembamba kati ya mistari, nikatia urea ya dukani kidogo kwa kizibo cha soda, nikafukia, nikamwagilia. Nilifanya kwa kujificha, kama mwizi kwenye bustani yangu mwenyewe, na kujificha kule kuliniuma kuliko mgongo.

Mchicha ukatoka majani mapana, wateja wakawa wananifuata shambani.

Sasa mzee kasimama pale na mfuko mkononi, shemeji nyuma yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeniulia ardhi, mkwe wangu."

Nilimjibu kwa hasira. "Urea nimetia, baba, juu ya samadi. Na nitatia tena. Kama ardhi imekufa, chimba unionyeshe."

"Huyu mwanamke hana adabu," shemeji akasema.

Nilimpa mzee jembe, akalikataa. Akachuchumaa, akazamisha vidole kwenye tuta. Udongo ukaja mweusi, laini, na nyungunyungu wawili wanene wakijinyonganyonga kiganjani mwake. Akahamia tuta la pili, kisha la tatu, kana kwamba nyungunyungu wale nilikuwa nimewapandikiza; kote wakatoka. Shemeji akaanza habari za mnunuzi. Mzee hakumgeukia.

"Haya, endelea," akaniambia, akijifuta mikono kwenye msuli.

Sikumshukuru. Nilimwambia msimu ujao nakitaka na kile kipande cha pembeni, alichokuwa amemwahidi shemeji.