Mstari Uliobaki Chini

Asubuhi ile mke wangu aliamka kabla yangu, kama kawaida. Nilimkuta kwenye meza ya jikoni, miwani puani, chai yake imeshapoa. Kompyuta inawaka mbele yake.

"Bado inakusumbua?"

"Inanitania, fundi. Nakwambia inanitania."

Miaka thelathini na nane ya ndoa, jina langu hakuliita zaidi ya mara tatu. Mimi ni fundi, basi. Najenga nyumba. Shule sikwenda. Herufi hizi ninazoandika alinifundisha yeye, mvi zimeshanitoka, kwenye meza hiyo hiyo.

Yeye alikuwa karani wa mafaili pale zahanati. Kompyuta zilipokuja, wenzake wakahamishwa. Yeye akanunua kitabu. Alikuwa na miaka hamsini na mbili alipoanza kuandika programu. Walimcheka. Akaandika. Programu inayopanga mgonjwa gani aingie chumba gani ni kazi ya mkono wake. Hata alipostaafu, waliendelea kumwita.

Tatizo la siku zile alinieleza taratibu. Kila faili linaazima vifaa kwa mafaili mengine. Mistari ya kuazima inakaa juu kabisa, ndiyo msingi.

"Msingi unakaa juu?" nikamwambia. "Nyumba gani hiyo?"

"Nyumba yangu. Wewe kaa na zako."

Mistari hiyo haiandiki yeye. Akitaja kifaa tu, programu anayoandikia inauweka mstari yenyewe mahali pake. Lakini kwenye faili moja ikaanza kuitupa chini, mwisho kabisa. Kifaa kinaitwa kabla hakijaazimwa, kazi yote inagoma. Anairudisha juu kwa mkono. Akitaja kifaa kingine, mstari wake unatupwa chini tena. Alibadilisha mipangilio. Aliitoa ile programu akaiweka upya. Siku nne.

Mimi lugha ya kompyuta siijui. Mstari naujua. Nimeshika timazi ya kunyooshea kuta ujana wangu wote. Tofali moja likichomoza nje ya kozi, nje ya safu yake, jicho linakwenda lenyewe. Niliona mistari ya juu yote ina rangi ya zambarau. Na huko chini, peke yake, umekaa mmoja wa zambarau.

"Na huyu wa chini?" nikamuuliza.

Alinijibu huku anavaa viatu. Alikuwa anakwenda zahanati kuwaomba wamwongezee siku mbili. Sikusisitiza. Ningemfundisha nini mimi?

Alianguka kwenye ngazi za zahanati. Moyo. Nilipofika walikuwa wameshamfunika.

Kompyuta sikuizima. Wiki sita. Ikilala naigusa, inaamka, naona maandishi yake. Nakula upande wangu wa meza. Watoto wako mbali, wanapiga simu Jumapili, tunaulizana hali, basi. Huko kazini bado naitwa fundi. Humu ndani haniiti mtu.

Jana akaja binti wa pale zahanati, yule aliyekuwa akifanya naye kazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Pita."

Alisimama kwanza nyuma ya kile kiti cha mke wangu. Nikamwambia akae tu. Akasema zahanati wamerudi kwenye vikaratasi. Wenye watoto wachanga wanakaa mpaka alasiri hawajaitwa. Amekuja kuimalizia kazi ya mama.

Akajaribu. Akataja kifaa, mstari ukaenda chini. Akajaribu tena, vile vile. Akapiga simu mbili. Mwisho akavua miwani.

"Baba, nimeshindwa. Hili faili nalifuta lote, naliandika upya."

Faili lile ndilo mke wangu alilokuwa analiandika asubuhi ile.

"Usifute."

"Watu wanasubiri, baba."

"Najua wanasubiri. Hiyo mistari yako iondoe, halafu tazama chini. Utabaki mmoja wa zambarau. Huo ulikuwepo."

Akaiondoa. Akashuka taratibu mpaka mwisho. Kisha akajishika kichwa.

"Kumbe! Mama alikuwa anajaribu kitu, akauandika huku kwa mkono wake, akausahau. Hii programu inatafuta mstari wa mwisho wa kuazima ulipo, inapanga mingine chini yake. Siku zote ilikuwa inaufuata huu huu!" Akanigeukia. "Baba, wewe uliuonaje?"

"Umekaa nje ya kozi."

Akacheka. Na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Halafu kicheko kikanikauka. Siku ile ningesisitiza, tungeuona wote wawili. Asingevaa viatu.

"Nikiupandisha huu, yamekwisha," binti akasema. "Niupandishe?"

Nikautazama ule mstari. Ilikuwa kazi pekee ya mke wangu iliyobaki haijaisha humu ndani. Kila nilipoigusa kompyuta, nilishuka mpaka pale, nikautazama. Ukipanda, hakuna tena kinachomngoja.

Binti aliona ninavyoutazama. Akaondoa mkono.

"Uliwahi kumwonyesha mama?"

"Nilimwonyesha."

"Akasemaje?"

Nikafikiria wale wenye watoto wachanga. Nikamwashiria aupandishe, na alipokuwa anaupandisha nikamwambia, neno kwa neno, kama alivyosema yeye akifunga kamba za viatu:

"Mwache hapo hapo, fundi, ananishikia nafasi. Nikirudi nitampandisha mwenyewe."