Mbishi wa Baraza la Kahawa

Ijumaa moja mwaka huu nilimsikia redioni bwana mmoja ambaye siku hizi ni mchambuzi wa siasa, mkali wa ulimi, anayeogopwa na wagombea wa vyama vyote. Alikuwa akisimulia jinsi mkutano wake mmoja katika pwani ya kusini ulivyovunjika, mwishoni mwa miaka ya tisini. Alisema naibu wa chifu wa kijiji kile, huko karibu na Vanga, alihongwa na chama tawala akawakataza watu kutoka majumbani.

Naibu wa chifu huyo ni marehemu. Mjane wake yu hai na redio anayo. Kipindi hakijamalizika alinipigia simu.

“Kaka, mume wangu alikula hongo?”

Nilimwambia hapana. Hapa naeleza kwa nini hapana, kwa kuwa mimi nilikuwapo na bwana yule anajua kwamba nilikuwapo.

Nilikuwa karani mkuu katika ofisi ya mkuu wa tarafa, Msambweni. Kila siku baada ya sala ya alasiri nilikuwa nikipita kwenye baraza la kahawa, nyuma ya soko. Miaka ile hoteli za Diani zilikosa wageni, na wapishi na watandika vitanda waliorudishwa makwao walijazana pale pamoja nasi, hata ikabidi mwenye kahawa aongeze benchi. Hadi leo nikisikia harufu ya tangawizi ikichemka nawaona wote, kila mtu na kikombe chake kisicho na mkono.

Bwana yule alikuwa mwalimu aliyeacha kazi, mzaliwa wa upande wa Kikoneni. Kila mtu alijua kwamba ndiye anayempangia kampeni mgombea wa upinzani. Ajabu ni kwamba akifika barazani aliitetea serikali. Kwanza alimwamkia kila mzee, mmoja mmoja, shikamoo yake kamili, hakumruka mtu. Kisha akaanza.

“Barabara ya Vanga ya nini?” alisema siku moja. “Samaki hawapandi gari.”

“Mwalimu, wewe umelogwa,” akasema mkulima mmoja aliyetoka bara, aliyekuwa akituuzia nyanya. “Nyanya zangu zikifika sokoni ni mchuzi!”

“Basi uza mchuzi.”

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia, “Samaki hawapandi gari, bwana, lakini mama mwenye uchungu wa kuzaa hulipanda. Au yeye naye aogelee?”

Aliinamisha kichwa upande, kama kuku anayesikiliza, akanywa kahawa yake. Kesho yake nilikuwa dirishani kwangu ofisini, mkutano uko uwanjani, nikasikia sauti ya mgombea katika kipaza sauti: “Samaki hawapandi gari, lakini mama mwenye uchungu wa kuzaa hulipanda!” Uwanja mzima ulilipuka kwa vigelegele. Mimi, mtumishi wa serikali niliyekatazwa siasa kwa kanuni za kazi, nilikuwa nimeuandikia upinzani hotuba.

Nilimwendea nikiwa nimekasirika kwelikweli.

“Shikamoo, bwana karani,” alinijibu. “Nikiutetea upande wangu, mtanikubalia kwa adabu tu. Nikiutetea wa adui, mnanipa silaha bure.”

Ndiyo iliyokuwa namna yake ya kufanya kazi, na ilimfaa kila mahali mpaka alipofika kijiji kile.

Alikwenda siku moja kabla ya mgombea wake, kama wazee wa kule walivyonisimulia baadaye. Akasali alasiri pamoja na wazee, akakaribishwa kahawa mlangoni mwa msikiti, akaanza kuisifu serikali akingoja abishiwe. Lakini kule si Msambweni. Mgeni waliyemkirimu hawambishii, humwitikia. Alisema mgombea wa upinzani hana haya, wakasema, “Ni kweli, mwalimu.” Alipoona hawajachokozeka, alizidisha: mtu huyo ni mwongo, hafai hata kuchunga mbuzi. Wakasema, “Umetufungua macho, mwalimu.” Mwisho wakampigia fatiha ya kumwombea safari njema.

Siku ya mkutano nilitumwa na mkuu wa tarafa kwenda kushuhudia. Nilipoondoka alfajiri nilimwacha naibu wa chifu wa kijiji hicho nyumbani kwangu. Alikuwa Msambweni tangu juzi yake, akifuatilia vitambulisho vya vijana wake, naye alikuwa amelala kwangu. Nilimwacha anakunywa chai na kulalamika kwamba mke wangu hatii sukari ya kutosha.

Nilimkuta mgombea amesimama juu ya pikapu, mbele ya uwanja mtupu. Wazee wawili walikuja, wakatoa salamu, wakamwambia mwalimu mbele ya bosi wake:

“Mwanangu, jana wewe mwenyewe ulitwambia bwana huyu hafai. Nasi tulikuitikia mlangoni mwa msikiti. Leo tuje tumshangilie, tuwe watu gani?”

Mgombea aligeuka polepole akamtazama. Hakuna aliyehongwa, na hakuna aliyekatazwa kutoka. Mgombea alishindwa, akamfukuza, naye akaenda Mombasa kuanza upya; huko ndiko alikopata redio.

Baada ya simu ya mjane nilisikia kwamba bwana huyo angefika Diani kwa kongamano katika hoteli moja. Nilivaa koti langu la ofisi nikaenda kumngoja ukumbini.

“Shikamoo, bwana karani!”

“Marahaba. Umemsingizia maiti.”

“Yule alikuwa mtu wa serikali. Mwaka wa uchaguzi angefanya nini?”

“Alikuwa nyumbani kwangu.”

“Mwili ulikuwa kwako. Amri aliiacha kijijini.”

“Amri gani? Wazee walikwambia usoni kwamba walikuwa wakitii maneno yako. Walikuheshimu kuliko ulivyojiheshimu, na malipo yao ni wewe kusema walifungiwa kama kuku!”

Alipinga tena, nami nikajibu. Akapinga, nikajibu, hata nikaona wageni wa hoteli wanatutazama. Ndipo nilipotambua kichwa chake kilivyoinama upande. Nywele zilikuwa nyeupe, lakini shingo ilikuwa ile ile ya barazani. Hakuniahidi kitu. Aliniagizia kahawa, nayo haikuwa na tangawizi.

Ijumaa iliyofuata nilikaa na mjane sebuleni kwake, redio katikati yetu. Bwana yule alisema amekosea: naibu wa chifu hakuwapo kijijini wala hakuhongwa, na uwanja ulikuwa mtupu kwa maneno yake mwenyewe. “Wazee wale,” alisema, “waliniheshimu kuliko nilivyojiheshimu.” Hakutaja alikoyapata maneno hayo.

Mjane alijifuta macho kwa ncha ya leso, akauliza kama nitakunywa chai. Nilisema nitakunywa, na sukari iwe ya kutosha.

Limebaki jambo moja. Bwana yule alisema redioni kwamba wazee walimkaribisha kahawa baada ya magharibi. Ilikuwa baada ya alasiri.